Kabila la Wahapa

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi, na mkanipa na daftari jipya, kana kwamba nilichopungukiwa ni karatasi. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, hayo yamo kwenye faili langu, na faili hilo nimewaona mkilifungua kwa macho yangu. Mimi nitawaeleza habari za meza, kalamu, na mtu mmoja niliyemwonea wivu. Neno hilo nalitaja mapema ili msihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Nilimwonea wivu Zefania tangu wiki aliyoingia ofisini, na nikisema kwamba leo umekwisha nitakuwa nawadanganya.

Nilianza kazi Kisauni kabla vile vita vikubwa vya pili havijatufikia. Tawi letu la ofisi ya mji lilikuwa nyumba ya vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na juu mabati. Jua likipanda mabati yalialika, na kila aliyekuja na shida yake ilimbidi apaze sauti, kwa hiyo shida za Kisauni zote zilisikika hadi barabarani. Ninyi mna vyumba vyenye milango. Sisi tulikuwa na Maalim Athumani.

Huyo ndiye alikuwa karani mkuu, mzee wa Mji wa Kale aliyekuja kila asubuhi kwa baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni isinaswe na mnyororo. Siku yangu ya kwanza nilimkuta anakwangua kutu kwenye nibu ya kalamu kwa wembe.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Kalamu wajua kuishika?"

"Naam."

"Haya, nionyesha."

Nikaishika. Akanitazama kwa huruma. "Wallahi, mwanangu, hiyo waishika kana jembe."

Alinifundisha kuchovya nibu nusu tu, kuigusisha kwenye ukingo wa kidau cha wino ili tone la ziada lirudi, na kuweka karatasi ya kunyonya wino chini ya kiganja, maana jasho la Kisauni lilifuta majina mengi kuliko kifo. Kisha akanipa kanuni ya kazi, nayo ilikuwa ya maneno matatu: uliza, nyamaa, andika. Alisema kazi yenyewe imo katika lile neno la kati. Kuuliza nilijua, na kuandika nilijifunza. Kunyamaza sikuwa na muda nako, kwa sababu mara nyingi jibu la mtu nilikuwa nalo kabla hajafungua kinywa.

Kwa miaka miwili nilikuwa karani wa pekee chini ya Maalim, na nilijiona kama mwanawe. Alinipa chai ya tangawizi kwenye kikombe chake. Akinituma ofisi kuu kisiwani, alisema mbele ya watu, "Kumtuma huyu ni sawa na kwenda mwenyewe." Maneno hayo niliyabeba nyumbani nikamwambia mamangu, naye akaniambia ni vizuri, nikamletee kuni.

Ndipo akaja Zefania. Alikuwa mjukuu wa watu wa misheni. Kwa msiojua, hao ni uzao wa watu waliotolewa kwenye vyombo vya wafanyabiashara wa watumwa, wakateremshwa pwani yetu, wakapewa viwanja, Biblia na majina mapya. Sisi wengine tulisali nao kanisa moja na kula nao harusini, kisha nyuma yao tukasema hawajui babu zao walikotoka. Mimi nilisema kuliko wengi. Mimi ni Mrabai, wa kabila la wenyeji wa pwani, na siku zile nilipenda kulitaja jambo hilo hata pasipo mtu kuniuliza.

Basi Maalim alimwambia Zefania aandike jina lake. Zefania akachovya, akaandika. Herufi zilishikana mkono tangu ya kwanza hadi ya mwisho, hakuinua kalamu hata mara moja, wala hapakuwa na doa. Maalim aliichukua ile karatasi akaipeleka dirishani aitazame kwenye mwanga. Karatasi yangu hakuwahi kuipeleka dirishani. Kesho yake nilikuta Zefania amewekwa kwenye meza ya dirishani, ile yenye upepo, nami nikabaki na ya pembeni iliyopakana na choo cha jirani.

Mtaniambia meza ni meza. Ngojeni muwe nayo ile ya chooni.

Tena watu walimpenda. Palikuwa na meza mbili na makarani wawili, lakini watu walijipanga mbele yake wakatoka nje mpaka kwenye jua, na kwangu hakuna mtu. Niliwaita, "Njooni huku, huku hakuna foleni!" Akina mama wakanijibu kwa adabu zote, "Abee, baba, tunangoja," na wasisogee. Nikajifanya napanga faili. Yalikuwepo mafaili sita tu, na kwa mwaka ule niliyapanga mara nyingi sana.

Vita vilipokaza, unga wa mahindi ukawa wa kadi, na kadi zikaandikwa na sisi. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, nyumba, kabila, idadi ya walaji. Ofisi kuu ilikuwa imetuletea karatasi iliyopigwa chapa, yenye orodha ya makabila ya wenyeji. Kabila lako likiwemo, kadi yako ilipigwa mhuri wa wenyeji ukachukua unga Jumatatu. Lisipokuwemo ulikuwa mgeni, na wageni walichukua Alhamisi. Karani gani alianzisha utaratibu huo sikumbuki, na ajabu ni kwamba hakuna anayekumbuka. Ninachokumbuka ni kwamba kufika Alhamisi magunia yalikuwa ya kukung'uta.

Kesi za kuchekesha hazikukosa. Yuko mtu aliyeandikisha watoto tisa, na jirani yake wanane, na wa tatu saba, mpaka Maalim alipogundua kwamba ni watoto wale wale wanapitishwa uani nyumba hata nyumba, na mmoja wao alikuwa amechoka kiasi cha kusahau jina lake jipya. Lakini kesi niliyokusudia kuieleza haikuchekesha.

Bibi Ruthi alikuwa mjane wa misheni aliyekuwa akilea wajukuu wanne, maana mwanawe alikuwa amechukuliwa vitani. Alikuja mezani kwangu.

"Kabila?" nikamwuliza.

"Baba, mimi ni wa misheni."

"Misheni si kabila. Wazee wako walitoka wapi?"

"Mamangu alisema kwao kulikuwa na ziwa."

"Ziwa gani?"

Akafikiri. Naye alipokuwa akifikiri mimi nilikwisha kuandika Mgeni na kupiga mhuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchovya nibu. Alhamisi tatu mfululizo nilimwona akipita dirishani na mfuko wake mtupu ameukunja vizuri kwapani. Sikuona kwamba hilo linanihusu.

Mara ya nne alikwenda kwa Zefania. Nilikuwa nasikiliza, kama kawaida yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi ni mtu wa wapi?"

"Mimi? Wa hapa."

Zefania akanyamaza. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini hakuandika. Ule ukimya ulikuwa mrefu, nami nikatamani kuujaza mwenyewe.

"Nimezaliwa hapa," akasema Bibi Ruthi. "Nimezaa hapa. Mume wangu nimemzika hapo nyuma ya kanisa. Mimi ni wa hapa, mwanangu, sina kwingine."

Ndipo akaandika. Na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa kushikana, maneno mawili yakawa moja: Wahapa.

Maalim alikuja akainama juu ya daftari. "Wahapa," akasoma. "Ndilo alilolisema?"

"Ndilo, Maalim."

"Basi piga mhuri."

"Upi, Maalim?"

"Wa wenyeji. Mtu yuwasema ni wa hapa, wewe utamwita mgeni kwa hoja gani? Serikali ya bibi huyu ni meza hii. Hana nyingine aijuayo." Kisha akanigeukia mimi, mbele ya foleni nzima. "Mtazame mwenzio. Yuwauliza, yuwanyamaa, ndipo yuwaandika."

Roho iliniuma. Haikuwa habari ya Bibi Ruthi wala unga wake. Ilikuwa ni lile neno "mtazame". Miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa.

Mwezi haukwisha, daftari la Zefania likajaa Wahapa. Walikuja wa misheni, wakaja waliochanganya damu, wakaja na wachukuzi wa kutoka bara waliooa Kisauni wakakaa. Jumatatu foleni ya unga ikawa moja, na Alhamisi ofisi ikawa na nafasi ya kufagiwa. Mwenye akili timamu angefurahi. Mimi nilichukua karatasi, nikaulaza mwandiko wangu kushoto usijulikane, nikaiandikia ofisi kuu barua kwa Kiingereza. Nikasema kwamba karani mmoja wa Kisauni anatunga makabila yasiyokuwepo na kuwapa wageni unga wa wenyeji. Jina langu sikulitia. Nikaipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikitumwa ofisi kuu.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Zefania aliitwa kisiwani akahojiwa, na wiki ile ile akahamishiwa Likoni, ng'ambo ya feri, yeye na mkewe na godoro lao. Kadi zote za Wahapa zikasimamishwa hadi uchunguzi ufanywe. Nami nikahamia meza ya dirishani. Upepo wake ulikuwa kama nilivyoufikiria. Lakini kutoka pale niliiona njia yote, na kwenye njia ile nilimwona Bibi Ruthi na wajukuu wake wakichimbua mihogo michanga, haijafika hata unene wa kidole. Mmoja wa wajukuu wale akaacha kuja shambani. Niliambiwa hana nguvu za kutembea.

Maalim hakuniuliza kitu. Ila tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita "karani". Kikombe cha chai alikiosha akakiweka kwenye rafu yake.

Bwana Mkubwa wa ofisi kuu alikuja mwenyewe kuchunguza. Alikuwa Mzungu mrefu aliyejisifu kwa Kiswahili chake, alichojifunza sijui kwa nani, ila si kwetu. Aliagiza watu wote wa Kisauni waandikishwe upya, kila mtu aje kwa miguu yake na aseme kwa kinywa chake. Akavuta kiti akaketi kando yangu, na ile orodha ya makabila ameiweka gotini.

Asubuhi ile ilikwenda vizuri. Mdigo, Mgiriama, Mdigo, Mrabai. Wa misheni walikuwa wamewekwa kando, wangoje mwisho. Halafu nikainua macho nikamwona mamangu mbele ya meza, amevaa leso yake ya kanisani.

Nilishtuka kidogo, maana hakuwahi kuja mezani kwangu. Nilikuwa nimemwandika mwenyewe bila kumwuliza lolote, Mrabai, walaji watano, nikaenda nyumbani na kadi mfukoni. Basi nikamwuliza jina ambalo nalijua, na nyumba ambayo ndiyo yangu, na nikaanza kuandika ile M ya Mrabai.

"Mimi ni wa hapa," akasema mamangu.

Nikamnong'oneza, "Mama, sema Mrabai."

"Mrabai ni babako. Mimi hukuniuliza."

"Mama, tafadhali."

Hakupunguza sauti. Mabati yalikuwa yakialika, naye akasema kama wasemavyo wote mle ndani, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mamangu aliachwa hapa mwaka wa njaa, kitoto cha kushikwa mkono, kwa watu wasio wake, kwa kikapu cha mtama. Waliomwacha walisema watarudi kumkomboa. Hawakurudi. Kabila lao hakulijua, alikuwa mdogo. Hao waliompokea walimlea wakampa jina. Nami nimekaa na babako miaka yote hii, na jambo hili si siri, mwanangu. Hukuuliza tu."

Waliokuwa kwenye foleni wakatazama chini. Bibi Ruthi, pale kando na wenzake, hakutazama chini. Alikuwa akinitazama mimi, na nikafahamu kwamba yeye alijua siku zote, hata siku ile niliyomgongea mhuri wa mgeni.

Bwana Mkubwa akatega sikio. "Nini nasema huyu mama? Yeye iko kabila gani?"

Hapo ndipo nilipokuwa na chaguo, na nitawaeleza kama lilivyokuwa, bila kujipamba. Nikiandika Mgeni, mamangu angesimama Alhamisi na Bibi Ruthi. Nikiandika Mrabai, ningemwita mamangu mwongo mbele ya watu wake. Neno lililobaki lilikuwa moja, na lilikuwa la Zefania. Hata katika saa ile, vijana, mamangu amesimama mbele yangu, kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuwa na neno langu mwenyewe.

Nikaandika Wahapa. Nilijaribu kushikanisha herufi, nikatia doa.

Bwana Mkubwa akasogea. "Wahapa! Lakini mimi napata barua. Barua nasema Wahapa hapana kabila ya kweli."

"Aliyeandika barua hiyo hakujua, bwana," nikasema kwa Kiingereza changu safi. "Wapo. Ni watu wa zamani sana wa pwani hii. Mama yangu ni mmoja wao."

Uso wake ulichangamka. Akageuza ile karatasi ya chapa, na chini kabisa, baada ya makabila yote, akaandika kwa mkono wake: Wahapa, wenyeji. Kisha akaniuliza kama wana mkuu wao, nikamwambia kwamba hawajawahi kumhitaji. Naye akaliandika hilo pia.

Maalim alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo. Aliweka mkono usoni kama mtu anayefuta jasho, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Akafungua sanduku la mihuri, akaniwekea ule wa wenyeji mezani.

Niliwaandika wote walioketi kando. Bibi Ruthi alipofika, aliipokea kadi yake kwa mikono miwili. "Ahsante, baba," akasema. "Ukivuka Likoni, nisalimie Zefania."

Mjukuu yule alipata uji wiki ile, akatembea tena. Wengine hamtaulizia hilo, ila mimi nililiulizia kila siku mpaka nilipomwona njiani.

Baada ya hapo sifa zikawa zangu. Kwenye taarifa ya Bwana Mkubwa iliandikwa kwamba karani mwerevu wa Kisauni aligundua watu waliosahauliwa. Nikapelekwa Changamwe kuwafundisha makarani jinsi ya kumhoji mtu bila kumfukuza kwa maswali, na watu waliotoka bara kuja kazini bandarini wakaandikwa Wahapa kwa mamia, mpaka ofisi kuu ikachoka na safu ya tatu yenyewe, ikaifuta. Foleni ikabaki moja. Mkisoma katika vitabu vya ofisi kwamba kufutwa kwa safu ya kabila kulianzia tawi letu, na kwamba aliyeanzisha ni mimi, mjue habari hiyo ilianzia kwenye barua ya kijicho.

Likoni nako nilipelekwa kufundisha. Zefania aliketi mstari wa mbele pamoja na makarani wengine, akaandika kila nililosema kwa mwandiko ule ule. Nilipomaliza, wenzake wakatoka, yeye akabaki.

"Ile barua walinionyesha nijibu," akaniambia. "Mwandiko wako naujua hata ukiulaza kushoto, ndugu yangu."

Nikakaa kimya, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu.

"Kiingereza kizuri," akasema. "Umekosea herufi moja tu, mstari wa pili." Akanikaribisha kwake tukale. Sikwenda. Nilimwambia nawahi feri, na feri zilikuwepo hadi jioni. Kama angenitukana ningelala vizuri, lakini hakumwambia mtu, si siku ile, si baada ya miaka, na hata ukarimu huo niliuonea wivu.

Basi mwezi uliopita mkanifanyia karamu ya kuniaga. Mkatoa ukurasa wa daftari la zamani uliotiwa kwenye fremu ya kioo, ule wenye jina la Bibi Ruthi, na chini mmeandika jina langu kwa herufi za dhahabu, kwamba huu ndio mwandiko wa mtu aliyetufanya sote kuwa wa hapa. Mkapiga makofi. Zefania alikuwa kiti cha nyuma, mzee mwenye fimbo, mliyemwalika kwa heshima tu kwa sababu aliwahi kufanya kazi Likoni. Alisimama kwa taabu. Alipiga makofi kuliko ninyi wote, na kwa furaha ya kweli; najua kwa sababu nilimtazama sana nikitafuta uongo usoni pake nikaukosa. Nilisimama niseme. Nikasema ahsanteni, nikaketi, nikala pilau yenu.

Kwa hiyo nasema sasa. Mwandiko ule si wangu. Wangu mtaujua, una madoa. Vueni kioo, futeni jina langu, tieni la Zefania angali hai na macho yake yangali yanasoma. Mwiteni akae mbele, mpigieni makofi yale mliyonipigia mimi, na yazidi. Na siku hiyo msinialike.